Taa za Krismasi na Giza la Njiani

Mwaka huu nimechelewa kupamba. Hadi kufikia tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, nyumba nyingi za mtaa wetu hapa pembezoni mwa Dar es Salaam zilikwisha kuwaka nyekundu, kijani na buluu, ilhali ukuta wangu ulikuwa mweupe tu kama ulivyo siku zote. Majirani watatu wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya chini, kama nimefiwa. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili na ana maoni kuhusu kila jambo chini ya jua, ameniuliza kama nimeacha kusherehekea. Sijafiwa na sijaacha. Nilikuwa nachagua taa, na kazi hiyo imenichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Sababu zake hazihusu nyumba yangu peke yake, ndiyo maana nimeona niziandike hapa.

Inanibidi nianze na kosa langu la mwaka jana.

Mwaka jana nilinunua taa sita za kumulika za LED, zile za kufungwa nje, kila moja ikiwa na rimoti na uwezo wa kubadilisha rangi. Juu ya kasha iliandikwa wati 100. Fundi umeme alizifunga chini ya upenu wa paa, zikielekea nje, ili ziumulike ukuta wa mbele pamoja na ule mti wenye maua mekundu ulioko nje ya geti, ambao wengi wetu tunauita mkrismasi kwa kuwa huchanua msimu huu. Jioni ya kwanza watu walisimama kutazama. Mmoja alipiga picha. Sitaficha kwamba nilijisikia vizuri. Mtu aliyefundisha miaka mingi kuhusu tabaka na matumizi ya kujionyesha hana kinga dhidi ya kupigiwa picha nyumba yake.

Wa kwanza kunionya alikuwa mlinzi wetu, mzee wa makamo anayekaa kwenye kibanda kando ya geti. Asubuhi ya pili nilimwamkia, nikamwuliza anazionaje taa. Akajibu kwa ule ustaarabu wa mtu asiyetaka kumwudhi mwajiri wake: "Ni nzuri, mwalimu. Ni nzuri kwa anayepita. Kwa mimi niliyekaa hapa, naona kama nimefunikwa shuka." Nikacheka, nikadhani ananitania. Nilipaswa kumwelewa. Mlinzi ni mtu tunayemlipa ili aone gizani, nami nilikuwa nimemwekea mbele ya macho taa sita za kumzuia kuona.

Wa pili hakunionya, yeye aliumia. Kuna mama anayepita mbele ya nyumba yetu kila siku saa kumi na moja alfajiri, akiwa na ndoo ya vitumbua kichwani, akielekea kituo cha daladala. Taa zangu zilikuwa zikiwaka usiku kucha. Siku mbili kabla ya Krismasi alipita mbele ya mwanga ule, macho yakashika kiwi, na hatua kama kumi baada ya kona ya ukuta wangu, pale mwanga unapokatika ghafla, akaingia mtaroni. Mtaro ule wa maji ya mvua ulikuwa umepoteza mfuniko wake mmoja wa zege tangu masika. Alivunjika mkono karibu na kiganja. Vitumbua vyote vilimwagika.

Nilipokwenda kumpa pole nyumbani kwake alinikaribisha kwenye mkeka, mkono ukiwa kwenye plasta, na hakunilaumu hata kidogo. "Njia ile naijua, mwalimu," aliniambia. "Miaka sita napita pale gizani, na shimo nalikwepa. Siku ile nilitoka kwenye mwanga, nikawa sijui niko wapi." Wiki sita hakuuza. Nilichangia nilichochangia; si jambo la kusimulia. Ninachotaka kusimulia ni lile neno lake, kwamba miaka sita alipita gizani salama, na akaanguka mwaka ulipokuja mwanga.

Jambo hili lina maelezo ya kisayansi, na si magumu. Jicho la mwanadamu huhitaji takriban nusu saa kuzoea giza kikamilifu, lakini hupoteza mazoea hayo kwa sekunde chache tu likikutana na mwanga mkali. Zaidi ya hayo, jicho lililozoea giza huwa jepesi sana kuhisi mwanga ulio upande wa buluu, na zito kuhisi ule ulio upande wa nyekundu. Ndiyo sababu mabaharia na watazama nyota hutumia taa nyekundu wanaposoma ramani usiku. Mimi, kwa kuwa binti yangu alipenda buluu, nilikuwa nimeiacha rimoti kwenye buluu. Ningeulizwa ni rangi gani na uelekeo gani ungemdhuru zaidi mtu anayetembea kwa miguu kabla ya alfajiri, nisingeweza kujibu kwa ufasaha zaidi kuliko nilivyojibu kwa vitendo.

Sasa, ndugu msomaji, unaweza kusema kwamba hili ni suala la mtu mmoja kukosea kufunga taa, na si jambo la kuandikiwa makala katika ukurasa unaojadili siasa na jamii. Naomba uvumilivu wako.

Tazama mtaa wowote mpya wa jiji letu. Kila mwenye uwezo amejenga ukuta. Ndani ya ukuta kuna kisima chake, tangi lake, jenereta lake, mlinzi wake na sasa taa zake. Kila tatizo la umma tumelitafutia ufumbuzi wa faragha. Maji hayafiki? Tunachimba kisima. Usalama hautoshi? Tunaajiri mlinzi. Njia haina taa? Tunamulika ukuta. Kilichobaki katikati ya kuta, yaani njia yenyewe, hakina mwenyewe. Ni mali ya wapita njia, na wapita njia kwa kawaida ni wale wasio na gari: mama wa vitumbua, wanafunzi wa zamu ya asubuhi, mafundi ujenzi, wasichana wa kazi wanaotumwa dukani saa mbili usiku. Mwezi wa Desemba ndio pekee ambapo mwanga wa ndani ya ukuta hutoka kwenda njiani, nao ukitoka huenda machoni badala ya miguuni.

Siwaondolei wajibu viongozi. Njia za mitaa zina mamlaka yake, na kodi tunalipa. Lakini nitasema ukweli wangu. Katika kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nilihudhuria mikutano miwili ya wagombea katika mtaa wetu. Sikumsikia hata mmoja akitaja taa za njiani wala mifuniko ya mitaro. Wala mimi sikuuliza. Nilikuwa na gari, na gari lina taa.

Historia ya mapambo haya nayo ina la kutufundisha. Mwaka 1882, mjini New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison katika biashara ya umeme, aliuwasha mti wa Krismasi nyumbani kwake kwa taa 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na buluu, na mti wenyewe ukawa unazunguka. Tangu siku ya kwanza, basi, taa za umeme za Krismasi zilikuwa onyesho: sehemu sherehe, sehemu tangazo la biashara. Hakuna ubaya mkubwa katika hilo. Wala sikubaliani na wale wanaodai kwamba mapambo ya taa ni ugeni usiotuhusu. Nani asiyejua taa za harusi zinavyoning'inizwa kutoka paa hadi paa? Nani hajaona misikiti ya Pwani na Zanzibar ikiwashwa taa za rangi wakati wa Maulidi na Idi? Kupamba usiku wa furaha ni jambo letu pia. Ugomvi wangu hauko hapo.

Ugomvi wangu uko kwenye urahisi. Taa nyekundu ya LED inayoonekana kwa macho iligunduliwa mwaka 1962 na Mmarekani Nick Holonyak. Kijani ikafuata. Buluu iliwashinda wanasayansi kwa miongo mitatu, na waliofanikiwa kuipata, Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, kwa sababu bila buluu hakuna LED nyeupe, na bila LED nyeupe tusingekuwa na balbu hizi za wati chache zinazoangaza nyumba zetu leo. Ni ugunduzi mkubwa na wenye manufaa. Zamani taa ya nje ya kumulika ilikuwa ya halojeni, yenye wati 500, ikiunguza mikono na kumaliza uniti. Ukitaka rangi ulifunika kioo cha rangi, ambacho kilizuia sehemu kubwa ya mwanga. Mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuiwasha. Siku hizi hakuna anayefikiri. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hili mwaka 1865 alipoandika kuhusu makaa ya mawe: mashine zilipotumia makaa kidogo zaidi kwa kazi ileile, matumizi ya makaa nchini hayakupungua bali yaliongezeka. Ndivyo ilivyo kwa taa zetu. Kilichopungua ni wati kwa kila taa. Taa zenyewe zimeongezeka, saa za kuziwasha zimeongezeka, na mpangilio umekuwa wa kiholela.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema na mhandisi, huniambia kwamba nina mawazo ya enzi za mgawo. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 umekwisha, anasema, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa na megawati 2,115, tuwashe tu. Nami nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, kwa kuwa mhandisi hajibiwi kwa hisia.

Kwanza nilizipima zile taa sita. Mita yangu ya LUKU ina kitaa chekundu, na juu yake imeandikwa kwamba humeta mara 1000 kwa kila uniti moja. Nilizima kila kitu ndani ya nyumba, friji pamoja, nikawasha taa moja tu iliyoandikwa wati 100. Kama maandishi yangekuwa ya kweli, kitaa kingemeta kila baada ya sekunde 36. Kilimeta kila baada ya sekunde 110 hivi. Maana yake taa ile ni ya wati 33, theluthi moja ya nilichouziwa. Ninalipendekeza jaribio hili kwa kila msomaji mwenye saa ya mkononi. Halihitaji shahada, na linaeleza mengi kuhusu soko letu kuliko hotuba nyingi. Nilipomrudia aliyeniuzia alinijibu bila wasiwasi kwamba ile 100 ni "namba ya modeli."

Basi taa sita za wati 33 ni wati 198. Nilizoea kuziwasha kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa kumi na moja na nusu, kwa usiku 30, kuanzia mkesha wa Uhuru hadi Epifania. Jumla ni karibu uniti 68. Kwa bei ninayolipa mimi, iliyo kati ya shilingi 350 na 360 kwa uniti, ni kama shilingi 24,000. Jirani yangu alitabasamu: si umeona? Si fedha ya kumwumiza mtu.

Ni kweli, haiumizi, na hapo ndipo tatizo lilipo. Uniti 75 kwa mwezi ndicho kiwango ambacho mteja mdogo wa TANESCO hununua kwa bei nafuu, ile iliyopangwa kuwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo, kila uniti inayozidi hupanda hadi 350. Kwa uniti 75 familia ya chumba na sebule huwasha taa, televisheni na pasi, huchaji simu, na wakati mwingine huendesha jokofu dogo, mwezi mzima. Mimi nilitumia karibu kiasi hichohicho kuumulika ukuta ambao haukuwa na haja ya kuonwa, kwa saa nyingi ambazo hapakuwa na mtu wa kuuona, isipokuwa jogoo wa jirani, aliyeanza kuwika saa nane usiku. Bei iliyo ndogo kwangu haikunifanya nifikiri. Na bwawa lingekuwa na megawati mara mbili ya hizo, mama yule angeanguka vilevile.

Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, na fedha za sherehe zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco. Wakati ule wengi walishangilia. Mimi nilikuwa na shaka, na bado ninayo. Watu wanaofanya kazi kutwa wana haki ya sikukuu, na sikukuu bila ziada kidogo si sikukuu. Sitaki mtaa wangu uzime taa. Nataka tuchague vizuri, na sasa nitaeleza nimechaguaje, kwa faida ya wale walioniuliza.

Jambo la kwanza ni upana wa mwanga, ambao wauzaji hawautaji na wanunuzi hawauulizi. Taa nyingi za nje zinazouzwa kwetu hutawanya mwanga kwa nyuzi 120. Ukiiweka mita 6 kutoka kwenye kitu, huchora duara lenye upana wa zaidi ya mita 20: mti, ukuta, njia, dirisha la jirani na mawingu. Taa ya nyuzi 30, kwa umbali uleule, huchora duara la kama mita 3, ambalo ndilo umbo la mti wangu hasa. Taa ya wati 10 yenye mwanga mwembamba hung'arisha mti kuliko ile ya wati 33 inayomwaga mwanga ovyo. Nilizunguka Kariakoo karibu siku nzima kuzitafuta, na muuzaji wa nne ndiye aliyeelewa ninachouliza.

La pili ni rangi, na hapa kuna raha ya kujifunza. Kitu huonekana kwa mwanga kinaourudisha. Jani hula nyekundu na buluu, hurudisha kijani. Ukilimulika kwa taa nyekundu hugeuka jeusi kama limeungua. Ua la mkrismasi hurudisha nyekundu. Ukilimulika kwa kijani linakufa mbele ya macho yako. Mwaka jana, kwa kuipa rangi zote zamu, nilikuwa nikiua nusu ya mti kila dakika. Mwaka huu taa moja nyekundu inapiga kwenye maua upande wa juu, na taa moja ya kijani inapiga kwenye majani ya chini na mchongoma. Ya tatu ni nyeupe yenye joto, ile ya Kelvini 2700 inayofanana na mwanga wa kandili, na inaangukia mlango. Zote tatu zimefungwa upande wa njia, zikiwa zimeelekezwa ndani na kufunikwa kikofia cha bati, hata anayepita haoni taa, anaona mti.

Buluu nimeikataa, na binti yangu bado hajanisamehe. Mbali na lile nililolisema kuhusu macho ya usiku, mwanga wa buluu ndio unaoudanganya mwili kwamba kumekucha, na ndio unaoita wadudu. Hii ni Desemba, vuli haijaisha. Mwaka jana, baada ya mvua, kumbikumbi walijaa kwenye taa zile hadi watoto wa mtaa wakaja na mabeseni. Nakiri kwamba hiyo ilikuwa sehemu bora ya mapambo yangu yote. Na kwa wale wanaokaa karibu na fukwe wanakotaga kasa, kama Kigamboni na Mafia, wafahamu kwamba watoto wa kasa wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga wakidhani ni bahari. Wengi hupotelea nchi kavu.

Taa zile za rimoti zenye rangi zote sikuzirudia. Umeme ukikatika na kurudi, nyingi husahau zilichoagizwa na kuanza kumetameta kama gari la wagonjwa. Isitoshe, rimoti za aina moja hufanana: mtoto wa jirani wa mbele alikuwa akiigeuza nyumba yangu zambarau kutoka kwenye baraza yao, nami kwa siku tatu nikamlaumu fundi. Mwaka jana pia nilijaribu kwa rimoti hiyo kuweka rangi za bendera yetu kwa ajili ya Uhuru. Kijani ilipatikana, buluu ilipatikana, manjano ikatoka ya ukijani kwa kuwa taa huipata kwa kuchanganya nyekundu na kijani. Nyeusi haikupatikana. Nyeusi, ambayo katika bendera yetu ni watu, hakuna taa inayoitoa. Nilibaki nimeshika rimoti nikiwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa.

Yaliyobaki ni mafupi. Angalia alama ya IP65: tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili dhidi ya maji yanayorushwa, na kwa mvua zetu usishuke chini ya hapo. Fundi aunganishe waya wa ardhini. Taa ya chuma iliyofungwa nje bila waya huo ni mtego. Na weka swichi ya saa. Zangu zinawaka saa moja jioni na kuzima saa nne usiku. Kwa usiku 30, taa hizo tatu hazitafikisha uniti 3.

Ya nne si pambo. Ni taa ya wati 5, ya rangi ya kaharabu, niliyoifunga kwenye kona ya ukuta, ikielekea chini kabisa, mahali pale pa mtaro. Hiyo huwaka usiku kucha na itaendelea kuwaka Januari na Julai. Kwa mwezi haifiki uniti 2. Nimewaomba majirani wanne wenye kuta zinazofuatana na wangu kila mmoja afunge ya aina hiyo kwenye kona yake. Wawili wamekubali. Mhandisi amesema atafikiria, kisha akaniuliza nilinunua wapi ile ya nyuzi 30. Wa nne amesema taa za njiani ni kazi ya serikali, na hajakosea. Nami nimemwomba tulipeleke hilo pamoja kwenye mkutano wa mtaa, kwa maandishi, likiwa na saini zetu. Bado hajasaini.

Mama wa vitumbua amerudi kazini tangu Machi. Juzi alfajiri nilimngoja getini nikamwuliza mwanga wa pale konani unamtosha. Aliweka ndoo chini, akatazama, akasema unatosha, ila ningeusogeza kidogo kushoto, kwa sababu shimo halijaishia pale ninapodhani linaishia. Nikaenda na tochi nikakuta ni kweli. Fundi atakuja Jumamosi. Mfuniko wa zege bado haujapatikana. Mwenyekiti ameniambia suala lake limo katika ajenda za Januari.